Marekani: Kanuni za usalama wa washangiliaji shuleni na sababu za kubadilika kwake

Kila mwaka, kabla shule za sekondari za Marekani hazijafunguliwa kwa mwaka mpya wa masomo, makocha wa vikundi vya washangiliaji hupata kitabu cha kanuni kilichorekebishwa. Marekebisho mengi huwa ya maneno machache tu: fasili moja imenyooshwa, sharti moja limeongezwa, ruhusa moja imeondolewa au imerudishwa. Kwa asiyeujua mchezo huo, hayo ni mambo madogo. Kwa msichana wa miaka 16 aliyesimama juu ya viganja vya wenzake, kichwa chake kikiwa mita tatu na zaidi kutoka sakafuni, maneno hayo ndiyo yanayoamua nani atakuwa nyuma yake mguu ukiteleza, na ni kitu gani kitakuwa chini yake.

Ushangiliaji wa Marekani ulianza kwa sauti peke yake. Mwezi Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji wa mpira wa Kimarekani akawaongoza kuitikia kwa pamoja ili kuipa nguvu timu yao. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya wanaume; wanawake walianza kuingia katika miaka ya 1920. Sarakasi zilikuja polepole, kisha zikashika kasi katika robo ya mwisho ya karne ya 20, mashindano ya ushangiliaji yalipoanza kuvuta watazamaji wa televisheni. Hivi leo kikundi cha shule kina kazi mbili. Huongoza shangwe kando ya uwanja wakati wa mechi, na katika shule nyingi huenda pia kwenye mashindano yake chenyewe. Mwanafunzi ni yuleyule na mnyanyuo ni uleule, ila sakafu si moja. Hapo ndipo kanuni nyingi zinapoanzia.

Ili kuzifuata ni lazima kuwajua watu watatu wa kila mnyanyuo. Mbebaji husimama chini na kubeba uzito. Mpandaji ndiye anayeinuliwa. Mlinzi husimama nyuma au kando, macho yake yakimfuata mpandaji tangu anapopanda hadi anapotua, na kazi yake kuu ni kukilinda kichwa, shingo na mgongo wa mwenzake akianguka. Watazamaji hummezea mate mpandaji. Kanuni humtazama zaidi mlinzi.

Kanuni za shule hutungwa na Shirikisho la Kitaifa la Vyama vya Shule za Sekondari, linalojulikana kwa kifupi chake NFHS, lenye makao makuu mjini Indianapolis. Shirikisho hilo liliundwa mwaka 1920, na hukusanya vyama vya majimbo yote 50 pamoja na Washington, D.C. Kamati yake ya ushangiliaji hupokea mapendekezo na kuyajadili, kisha hupelekwa kwenye bodi. Yakipitishwa, huanza kutumika mwaka wa masomo unaofuata. Hata hivyo, mwenye mamlaka ya moja kwa moja juu ya shule ni chama cha jimbo. Chama hicho kinaweza kuzipokea kanuni kama zilivyo au kuziongezea ukali, na ndicho kinachotoa adhabu.

Mkanganyiko huzaliwa kwa sababu NFHS si mtungaji pekee. Klabu binafsi za mashindano hufuata kanuni za shirikisho jingine, USASF, lililoanzishwa mwaka 2003, ambalo hupanga vikundi kwa madaraja ya umri na ustadi. Vyuo vikuu vina kanuni zao. Shirika la USA Cheer, lililoundwa mwaka 2007, husimamia mchezo huo kitaifa na kutoa mafunzo ya usalama kwa makocha. Kimataifa kuna ICU, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua kikamilifu mwaka 2021. Msichana mmoja anaweza basi kufanya mruko fulani klabuni siku ya Jumamosi, kwenye sakafu ya springi, na akauona umepigwa marufuku shuleni Jumatatu. Kocha kijana aliyekulia klabuni au chuoni huingia katika shule ya sekondari na mazoea ya mahali pengine, na makosa mengi hutokana na mazoea hayo zaidi kuliko ukaidi.

Tukio linalotajwa mara nyingi katika historia ya kanuni hizi lilitokea Machi 2006 mjini St. Louis, kwenye fainali ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo. Mshangiliaji wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois alianguka kutoka juu ya piramidi, kimo cha takriban mita nne na nusu, akatua kwa kichwa kwenye sakafu ya mbao isiyotandikwa chochote. Alipata mtikisiko wa ubongo na ufa katika pingili ya shingo. Alipokuwa akitolewa amefungwa kwenye machela, bendi ilipiga wimbo wa chuo chake, naye akaucheza kwa mikono. Picha hizo zilizunguka nchi nzima, na wengi walimsifu kwa ujasiri. Waliokuwa wakihesabu majeruhi waliona jambo jingine: kwamba mtu aliyevunjika pingili ya shingo alikuwa akitikisa mikono mbele ya umati.

Hesabu hizo zilikuwepo tayari. Kituo cha utafiti wa majeraha makubwa ya michezo katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, kimekuwa kikikusanya taarifa tangu mwaka 1982. Ripoti zake za miaka ya 2000 zilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya majeraha makubwa kabisa yaliyowapata wasichana wanamichezo wa sekondari, yaani yale ya kuua, kulemaza au kuvunja fuvu na uti wa mgongo, yalitokana na ushangiliaji. Katika orodha hiyo ulijitokeza mtindo mmoja kuliko mingine, nao ni mrusho wa kikapu.

Katika mrusho huo wabebaji wawili hushikana mikono kwa kufumbatana viganja na vifundo hadi mikono yao minne ikawa kama kitako cha kapu. Mpandaji hukanyaga hapo, wenzake huchuchumaa, kisha humtupa juu kwa nguvu ya miguu yao yote. Huenda mita kadhaa angani, hufanya pozi lake, kisha hushuka na kupakatwa. Tofauti ya mrusho na mnyanyuo wa kawaida ni kwamba hapa hakuna mkono unaomgusa. Mrusho ukienda upande, wabebaji wana chini ya sekunde mbili za kuhama, na mara nyingi huhama wakiwa wanaangalia juu.

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2006-2007, mrusho wa kikapu ulikatazwa kwenye sakafu ngumu isiyo na godoro la mazoezi, na uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu ukiwa mojawapo ya sakafu hizo. Watafiti waliolinganisha miaka ya kabla na baada ya katazo hilo waliona kwamba kiwango cha majeraha makubwa yaliyotokana na mrusho huo kilishuka karibu mara nne. Ni nadra katika michezo ya shule kupata sentensi moja ya kanuni ambayo matokeo yake yanaonekana waziwazi namna hiyo. Kwa shule za sekondari mipaka mingine imewekwa juu ya mrusho huo: warushaji wasizidi wanne, mpandaji asipinduke kichwa chini angani, na atue kwa kupakatwa. Piramidi nazo zimewekewa kikomo cha watu wawili kwenda juu.

Katazo la 2006 lilihusu chini ya mpandaji. Lile la mwaka 2012 lilihusu walio chini yake, na ndilo lililowaudhi makocha wengi zaidi. Hadi wakati huo vikundi vyenye ustadi vilikuwa vikimshusha mpandaji kwa kumtupa kidogo, naye hujizungusha mara mbili kama pia kabla ya kupakatwa. Majaji wa mashindano walikuwa wakiutunza mtindo huo kwa alama nzuri. NFHS na chama cha makocha, AACCA, waliuondoa kwa shule za sekondari na kuacha kikomo cha mzunguko mmoja na robo. Makocha walilalamika kwamba miaka ya mazoezi imetupwa na kwamba wapandaji wao hawaumii wanapofanya hivyo.

Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ila yalimtazama mtu asiyehusika. Mpandaji anayejizungusha mara mbili hufika chini akiwa bado anazunguka, viwiko vikiwa vimebanwa kifuani au vimeanza kufunguka. Wabebaji wawili na mlinzi wameinamisha nyuso zao hapohapo ili wamdake. Kiwiko kikichelewa kufungwa, hupiga shavu, pua au paji la uso la mwenzake kwa nguvu yote ya mzunguko. Mpandaji hutua salama akitabasamu, na mbebaji huenda nyumbani na mtikisiko wa ubongo ambao pengine hakuutaja. Kocha aliyeisoma kanuni hiyo kama adhabu kwa wapandaji hodari hakuielewa, na aghalabu alibuni mtindo mwingine wa kushuka uliokuwa halali kwa maandishi na wenye hatari ileile kwa nyuso za wadakaji.

Takwimu za baadaye ziliupa uzito mtazamo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Pediatrics ulilinganisha michezo 22 ya shule za sekondari. Kwa wingi wa majeraha ushangiliaji ulikuwa wa 18, yaani karibu na mkia, na hilo linafaa kukumbukwa na wanaoutisha umma. Lakini mtikisiko wa ubongo ulikuwa karibu theluthi moja ya majeraha yote ya washangiliaji, na zaidi ya nusu ya majeraha yalitokea wakati wa minyanyuo. Ni mchezo usioumiza mara kwa mara, ila ukiumiza unaweza kumtoa mwanafunzi darasani kwa wiki kadhaa.

Jambo la sakafu linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo kocha analoweza kulibadilisha kwa urahisi na ndilo linalopuuzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Hospitali ya Watoto ya Nationwide mjini Columbus, Ohio, walichapisha vipimo vya nyuso mbalimbali ambazo washangiliaji hufanyia mazoezi. Walitafuta kimo ambacho, mtu akianguka kwa kichwa kutoka chini yake, jeraha la kuhatarisha maisha halitarajiwi. Kwenye zege kimo hicho kilikuwa takriban mita 0.15, yaani shubiri moja hivi. Kwenye sakafu ya springi kilizidi mita 3.35. Kati ya ncha hizo mbili kulikuwa na nyasi, mbao na magodoro ya unene tofauti.

Vipimo hivyo vinasema mambo mawili ambayo kitabu cha kanuni hakiwezi kuyasema kwa kirefu. Kwanza, ukumbi wa kulia chakula wenye vigae, ambako vikundi vingi hufanyia mazoezi kwa sababu ukumbi wa michezo umechukuliwa na timu nyingine, ni mahali pabaya hata kwa mnyanyuo wa kiunoni. Pili, godoro jembamba lililotandazwa juu ya zege halifanani na sakafu ya springi, hata kama yote mawili kanuni huyaruhusu. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kilipotoa msimamo wake mwaka 2012, kilishauri minyanyuo na piramidi zifanywe kwenye sakafu ya springi au ya sponji, au kwenye nyasi, na kamwe zisifanywe kwenye sakafu ngumu, yenye maji au isiyo sawa. Kilipendekeza pia kila mshangiliaji apimwe afya kabla ya msimu kama wanamichezo wengine, na makocha wapate mafunzo rasmi.

Hata sakafu nzuri haimwondoi mlinzi. Kanuni za NFHS humtaka awepo kila mpandaji anapoinuliwa hadi juu ya mikono iliyonyooka ya wabebaji. Makocha wapya hujikwaa hapa kwa namna mbili. Wengine humgeuza mlinzi kuwa mbebaji wa tatu kwa sababu kikundi chao hakina nguvu za kutosha, wakisahau kwamba mikono iliyoshika uzito haiwezi kudaka kichwa. Wengine humweka mlinzi mahali pake kisha humpa maneno ya kuimba na bango la kuinua. Anakuwepo kwa hesabu, na macho yake yako kwa watazamaji.

Kesi moja ya Wisconsin huonyesha gharama ya pengo hilo. Katika mazoezi ya mwaka 2004 msichana wa sekondari alianguka kinyumenyume kutoka kwenye mnyanyuo akajigonga kichwa kwenye vigae. Godoro halikuwepo, na mwenzake aliyetarajiwa kuwa nyuma yake hakuwa nyuma. Kocha alikuwa jirani, akisimamia kundi jingine. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba ushangiliaji ni mchezo wa kugusana miili, na kwa sababu hiyo mchezaji mwenzake hawezi kushtakiwa kwa uzembe wa kawaida. Wilaya ya shule nayo ilikingwa na sheria ya kinga. Aliyeumia hakupata fidia kutoka kwa yeyote kati yao.

Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho katika jimbo la Connecticut ilitoa jibu linaloelekea upande mwingine. Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilitaka kikundi chake cha ushangiliaji wa mashindano kihesabiwe miongoni mwa timu za michezo ya wanawake chini ya sheria ya usawa wa kijinsia katika elimu. Jaji alikataa, akisema shughuli hiyo haijafikia mpangilio wa mchezo wa vyuo, na mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2012. Hukumu hizo mbili hazipingani kisheria, kwa kuwa kila moja ilijibu swali lake. Kwa mwalimu mkuu wa shule, hata hivyo, jina lina matokeo ya moja kwa moja. Pale ushangiliaji unapohesabiwa kuwa mchezo, kikundi hupata zamu ya ukumbi, mtaalamu wa tiba ya michezo na masharti ya mafunzo kwa kocha. Pale unapohesabiwa kuwa shughuli ya baada ya masomo, kikundi hupelekwa kwenye vigae vya ukumbi wa chakula. AAP ilipotoa msimamo wake, majimbo 29 ndiyo yaliyokuwa yakiutambua kuwa mchezo.

Katika suala la mtikisiko wa ubongo sheria zimekuwa wazi zaidi. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kwanza ya aina yake mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria inayowahusu wanamichezo vijana. Mwanafunzi mwenye dalili huondolewa mara moja na harudi siku hiyo. Hurudi baada ya kuruhusiwa na mtaalamu wa afya. Ugumu kwa washangiliaji ni kwamba mwamuzi wa mechi hawatazami. Mchezaji wa mpira akiyumba, filimbi hupigwa. Mbebaji aliyepigwa kiwiko wakati wa mapumziko anabaki machoni pa kocha wake peke yake, na kocha huyo pengine anaangalia saa ya uwanjani.

Suala hili huzigusa pia familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani, hasa kutoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambazo watoto wao wamo katika shule hizo. Mzazi huletewa fomu ya ridhaa aweke sahihi, na huenda akadhani binti yake anakwenda kuimba na kucheza ngoma. Ni haki ya mzazi kuuliza kabla ya kutia sahihi: mtoto atakuwa mbebaji, mpandaji au mlinzi? Mazoezi hufanyika juu ya nini? Kocha ana cheti cha usalama? Akianguka, nani ataita gari la wagonjwa, na lango gani litakuwa wazi? Kocha mzuri hujibu maswali hayo bila kuudhika, kwa sababu majibu yake yanapaswa kuwa yameandikwa tayari katika mpango wa dharura wa shule.

Kwa kocha mwenyewe, njia ya kuyasoma marekebisho ya mwaka ni kuanza na ufafanuzi unaoambatana nayo, maana NFHS huchapisha pia sababu ya badiliko, na sababu hiyo ndiyo inayoonyesha ni mwili wa nani unaokingwa. Baada ya hapo huja fasili za maneno. Mabadiliko mengi yamo humo, na kocha anayeruka kurasa hizo anaweza kushangaa kuona mnyanyuo wake wa zamani sasa umehesabiwa kuwa mrusho, na hivyo umeingia chini ya masharti ya sakafu. Kisha huja kazi ngumu zaidi, ya kuupitia mpangilio mzima wa onyesho na kuuandaa kwa sura mbili: moja ya nyumbani penye magodoro, nyingine ya ugenini penye mbao tupu au nyasi zilizolowa mvua. Vikundi vingi vina sura ya kwanza tu, na uamuzi wa kuibadilisha huachiwa dakika tano kabla ya mapumziko, wakati bendi imeshaanza kupiga.

Pale maneno ya kanuni yanapobaki na utata, tafsiri inayofuatwa ni ya chama cha jimbo. Swali hupelekwa kwa maandishi kabla ya msimu, pamoja na video ya mnyanyuo wenyewe inapowezekana, na jibu huwekwa kwenye jalada la kikundi pamoja na vyeti vya makocha na mpango wa dharura.